Irja Hietala Achagua Tanuru

Fundi wa kampuni ya gesi alipopanda ngazi kutoka chumba cha chini alikuwa ameshavua glavu, na hakumtazama Irja Hietala machoni. Irja akajua tanuru la kuipasha nyumba joto limekufa.

"Moyo wake wa chuma umepasuka," fundi alisema. "Ile hewa mbaya ya moshi inaweza kuvuja, ikapanda pamoja na joto mpaka chumbani kwako. Nimefunga gesi. Nimebandika na karatasi nyekundu, usije ukaliwasha."

"Asubuhi lilikuwa linawaka vizuri tu."

"Asubuhi ulikuwa na bahati, mama."

Ilikuwa Novemba, wiki ya kuwinda kulungu, na nusu ya wanaume wa mji wa Pelto walikuwa msituni na bunduki zao. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshashika. Kule kaskazini mwa Minnesota, kwenye migodi ya chuma, nyumba isiyo na tanuru mwezi huo haifiki Krismasi ikiwa salama. Maji huganda kwenye mabomba, mabomba hupasuka ndani ya kuta, na mwenye nyumba huondoka na sanduku mkononi. Irja hakuwa na nia ya kuondoka na sanduku. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mjane, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa ameendesha malori ya mgodini, yale ambayo gurudumu lake moja linampita mtu mrefu. Alishuka chini, akawasha jiko la kuni la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, akaacha mlango wa sauna wazi ili joto lipande ngazi. Akachomeka hita moja ya umeme jikoni na nyingine bafuni karibu na mabomba. Halafu akavaa sweta juu ya sweta, akapika kahawa.

Binti yake, Sonja, alipiga simu jioni hiyo kutoka Minneapolis. Alikuwa na kawaida ya kupiga kila siku tangu baba yake, Arvid, afariki.

"Basi ndiyo wakati wenyewe huu, mama," Sonja alisema baada ya kusikia habari. "Chumba chako kipo hapa kwetu. Kina choo chake."

"Na mimi nina nyumba yenye choo chake."

"Nyumba ya baridi."

"Baridi ni ya leo. Kesho anakuja mtu wa matanuru."

Mtu wa matanuru aliitwa Curt, na alitoka kwenye duka kubwa la mji wa pili. Alivalisha viatu vyake mifuko ya plastiki pale mlangoni, akashuka chini, akasoma kibandiko kwenye tanuru la zamani, akapanda. Kazi yote hiyo haikumchukua hata muda wa kahawa kupoa. Akaketi mezani, akakata kipande cha pulla, ule mkate mtamu wa iliki ambao Irja huuoka kila wiki, akafungua tableti yake.

Tanuru alilolionyesha lilikuwa zuri, hilo Irja hakubisha. Lilipunguza na kuongeza moto lenyewe. Halikuwa na kelele. Ungeweza kuliamuru kwa simu ukiwa kanisani. Kwa bei yake ungeweza kununua gari, si jipya, lakini linalotembea.

"Na Dorvan?" Irja aliuliza. Alikuwa ameona tangazo la matanuru ya Dorvan kwenye duka la vifaa pale Pelto, bei nusu ya hiyo.

Curt alitabasamu kama mtu aliyeulizwa kama anauza mitumba.

"Dorvan ni ya nyumba za kupangisha, mama. Mwenye nyumba anamwekea mpangaji, yamekwisha. Au mtu anauza nyumba, anaiweka ili mnunuzi akute kitu kinachong'aa. Mtu anayekaa kwake hawekewi Dorvan, si kwa baridi ya huku."

"Inaharibika?"

"Sikusema inaharibika. Nasema si ya mtu kama wewe."

"Mimi ni mtu wa namna gani?"

Curt aliitazama tableti yake kana kwamba jibu limo humo. "Mtu anayestahili kupumzika, mama."

"Mimi si mama yako, niite Irja. Na nimeshapumzika, nilistaafu zamani." Akamsogezea sahani ya pulla, kwa maana hasira haikuwa sababu ya kumnyima mtu chakula. "Ukubwa wa hilo tanuru umeujuaje?"

"Kibandiko cha lile la zamani kimeniambia. Ninakuletea ukubwa uleule."

"Hujapima nyumba."

"Nyumba hizi nazijua, Irja. Zote sawa."

Irja aliifahamu nyumba yake kuliko hivyo. Lile tanuru la zamani lilikuwa likinguruma kwa muda mfupi, likichoma sebule mpaka unavua sweta, halafu likinyamaza ghafla, na hali chumba cha nyuma kilibaki baridi miaka yote. Arvid alikuwa akikaa humo kurekebisha vifaa vyake vya kuvulia samaki huku amevaa kofia. Watu walimcheka kwa kofia hiyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Irja alimwambia Curt kwamba atafikiri. Curt akasema bei hiyo ni mpaka Ijumaa. Irja akasema basi Ijumaa ipite salama.

Jumamosi Sonja aliingia uani na gari. Irja alimwona kupitia dirisha la jikoni akifungua nyuma ya gari na kutoa mkoba wake, na nyuma ya mkoba aliona maboksi, mengi, yamekunjwa bapa. Alijifanya hakuyaona. Walikumbatiana, wakanywa supu ya samaki na viazi, wakazungumza habari za wajukuu. Kisha Sonja akaweka kijiko chini.

"Nimezungumza na yule Curt."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Simu yake iko kwenye mtandao, mama, si siri. Nilimwambia asikuuzie lile kubwa. Lile ni la mtu atakayekaa miaka ishirini. Nikamwuliza kuhusu ya bei rahisi, hiyo Dorvan. Anasema kwa nyumba inayouzwa inatosha kabisa. Tuiweke wiki ijayo, tupite nayo hii baridi, na majira ya kuchipua tuitangaze nyumba."

"Tuitangaze," Irja alirudia neno hilo.

"Unajua ninachosema."

Alijua. Na palepale akaona jinsi alivyobanwa. Mpaka jana Dorvan ilikuwa inamvutia, kwa bei yake na kwa sababu muuzaji aliidharau. Sasa imegeuka kuwa sahihi ya kukubali kuhama. Akiichukua, Sonja ataenda kukunjua maboksi. Akichukua lile la kifahari ili kumwonyesha binti yake kwamba anakaa, Curt atapiga mluzi njia nzima kurudi dukani kwake. Wawili hao walikuwa wameshaamua chombo kile kina maana gani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza kama kitaipasha nyumba joto.

"Kesho baada ya kanisa nina mahali pa kwenda," Irja alisema.

"Wapi?"

"Kusikiliza tanuru."

Alikuwa amemwuliza mwenye duka la vifaa ni nani pale Pelto amekaa na Dorvan muda mrefu. Mwenye duka alijikuna shingo. "Wapangaji wengi wanayo, lakini wanahamahama, hawajui kitu. Aliyekaa nayo kwake, miaka, ni Rudy Prosen."

Irja alishukuru, akatoka, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha.

Rudy Prosen alikuwa kiongozi wa zamu mwaka ule wanawake wa kwanza, Irja akiwa mmoja wao, walipoajiriwa kuendesha malori mgodini. Alisema mbele ya wote kwamba hatampa mwanamke lori, na alipolazimishwa kumpa, alimpa lenye hita mbovu. Majira yote ya baridi ya kwanza, hakuna mwanamume wa zamu yake aliyemsemesha Irja kwenye redio isipokuwa kwa amri. Kulikuwa na kibanda kidogo chenye jiko, mahali pa kula na kuyeyusha vidole. Siku moja ya Januari Irja alikuta kimefungwa kwa ndani. Alisikia vicheko na harufu ya kahawa. Hakugonga. Alirudi kwenye lori lake, akala mkate ulioganda, akaendesha mpaka mwisho wa zamu, na kesho yake akaja kazini mapema kuliko wote. Aliendelea kuja mapema mpaka Rudy mwenyewe alipostaafu akamwacha palepale kwenye usukani. Tangu hapo walipishana dukani na posta bila salamu, jambo ambalo kwenye mji mdogo kama Pelto linahitaji bidii.

Ndani ya gari alijiambia kwamba mtu huyu hakuweza kumnyima lori, na hatamnyima tanuru.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama kwenye kibaraza cha Rudy na kubonyeza kengele. Rudy alifungua akiwa na soksi za sufu, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Alikuwa amepungua. Masikio yake tu ndiyo yalibaki na ukubwa wa zamani.

"Hietala," alisema.

"Prosen. Nasikia una Dorvan."

Rudy alimtazama kwa muda. "Miaka arobaini na kitu hujakanyaga hapa. Unakuja kwa ajili ya tanuru?"

"Ningekuja kwa ajili ya nini kingine?"

Jibu hilo halikumpendeza wala kumchukiza, ilionekana. Alisogea, Irja akapita. Akaketi sebuleni bila kuvua koti.

"Liwashe," alisema.

Rudy alipandisha kile kidude cha joto ukutani. Chini ya sakafu kitu kilibofya, kikanyamaza, kikavuta pumzi, halafu nyumba nzima ikaanza kuvuma.

"Hiyo ni ndege inaruka?"

"Ndiyo hiyo Dorvan. Utaizoea. Au utakuwa kiziwi, vyote sawa."

Irja aliweka kiganja kwenye tundu la sakafuni. Upepo ulikuja wa vuguvugu, kisha wa moto kweli. Aliinuka akapita vyumba vyote bila kuomba ruhusa, akigusa matundu na kuta za kaskazini, na Rudy alimfuata akiburuta soksi zake, akieleza kama mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi. Ilikuwa na kelele, hilo asidanganywe. Haikujua moto mdogo na moto mkubwa, ilijua kuwaka na kuzimika tu. Kiwashio chake kiliungua majira ya baridi ya tatu, siku ya Jumapili kama leo. Alimpigia mwenye duka la vifaa, akafungua duka, Rudy akakibadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

"Ordell, jirani yangu huyu, ana lile la akina Curt," alisema. "Zuri, huwezi hata kujua kama linawaka. Likaungua ubao wake wa umeme, ule unaoliendesha, mwezi wa Januari. Ubao ukangojwa kutoka Minneapolis wiki nzima. Ordell akaenda kulala kwa kaka yake, na hawaongei wale."

"Kwa hiyo unanishauri nichukue hii."

"Mimi sikushauri kitu, Hietala. Wewe hujawahi kushaurika." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chumba cha wageni, akapumua. "Nitakwambia kosa langu tu. Mtu wa kwanza aliniwekea kubwa mno. Ikawa inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama mlevi anatafuta swichi. Nilimwita Deb Makela, yule fundi mwanamke wa mji wa pili, akaja na kipimo, akaanza kupima madirisha. Akasema nyumba hii inataka dogo kuliko lile. Nikamfukuza. Mwaka uliofuata nikamwita tena."

"Ulimfukuza kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Chini yao Dorvan ilizima, na kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa. Irja alijikuta anatazama yale masikio.

"Kile kibanda," alisema. "Kilikuwa na joto ndani?"

Rudy hakuuliza kibanda gani. Alikunjua na kukunja vidole vyake juu ya goti.

"Kilikuwa na joto," alisema.

"Nilidhani hivyo."

Alingoja kidogo, si kwa sababu alitarajia kitu, bali kwa kumpa nafasi. Rudy hakuitumia. Basi Irja akafunga vifungo vya koti, akamshukuru kwa kumwashia tanuru, na mlangoni Rudy akamwambia aangalie ngazi, zina barafu. Alishuka ngazi hizo bila kushika chuma cha pembeni, na hakuteleza.

Aliporudi nyumbani hakupita jikoni. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akapiga magoti, akatoa kifuniko cha tundu la sakafuni, akatumbukiza mkono mpaka kwenye bega. Kisha akamwita Sonja alete tochi, wakashuka chini pamoja. Sonja alimulika, Irja akifuata njia za bati zinazopeleka hewa ya moto vyumbani kwa vidole kutoka kwenye tanuru lililokufa, moja baada ya nyingine, akizigonga. Ya chumba cha nyuma ilipita vizuri mpaka ilipofika sauna. Hapo ilikuwa imebanwa nyuma ya ukuta wa mbao, imelala bapa kama soksi.

"Nani alifanya hivi?" Sonja aliuliza.

"Baba yako. Alipojenga sauna."

"Na akavaa kofia miaka yote ile."

"Akavaa kofia."

Sonja alianza kucheka, Irja naye, wakashikana pale kwenye vumbi. Lakini kicheko cha Sonja kilikatika kabla ya cha mama yake.

"Mama, kwa nini tunahangaika na chumba ambacho hakuna anayelala?"

"Kwa sababu kitakuwa na joto, na nitakitumia."

"Majira ya kuchipua..."

"Majira ya kuchipua nitapanda viazi. Sikiliza, Sonja. Nitachukua Dorvan. Usifurahi, sijamaliza. Naichukua kwa sababu kipuri chake kipo pale dukani na ninaweza kukifunga mwenyewe. Naichukua kwa sababu nyumba ni ndogo na haihitaji kitu kinachofikiri. Pesa inayobaki inanyoosha hili bati. Siichukui kwa sababu naondoka. Naichukua kwa sababu nakaa."

Sonja alizima tochi, kisha akaiwasha tena. "Wewe unadhani ninataka nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki nyumba. Baba alianguka pale nje kwenye barafu na mimi nilikuwa kwenye mkutano, simu iko ndani ya mkoba. Kila simu ikilia sasa hivi nadhani ni wewe."

 Irja alikuwa amejiandaa kupigana na binti mwenye maboksi, si na huyu. Alimfuta vumbi shavuni kwa kidole gumba, akaongeza uchafu badala ya kuutoa.

"Ungekuwa hapa angeanguka vilevile," alisema. "Nami nilikuwa hapa, jikoni, natazama dirishani. Sikumshika." Akavuta pumzi. "Hofu yako naielewa. Lakini siwezi kuhamia ndani yake, Sonja. Haina nafasi ya watu wawili."

Sonja alijifuta shavu kwa mkono wa sweta. Halafu akasema kwamba supu ilikuwa jikoni, ikipoa.

Jumatatu Curt alipiga simu mwenyewe. Bei ya Ijumaa, alisema, ameomba kwa bosi iendelee. Irja alimwambia anataka Dorvan, ndogo kuliko lile la zamani, baada ya nyumba kupimwa madirisha na kuta, na njia ya bati ya chumba cha nyuma inyooshwe.

"Dogo?" Curt alisema. "Kwa baridi ya huku? Ukiganda usije ukanilaumu. Halafu Dorvan hatuipimii nyumba, Irja, haina faida hiyo. Tunaiweka tu."

"Basi mwekee mwingine."

"Binti yako alisema..."

"Binti yangu ana tanuru lake Minneapolis. Hili ni langu."

Akakata simu, akampigia Deb Makela. Deb alifika siku iliyofuata, mwanamke mnene mwenye kipimo shingoni, hakuzungumza sana. Alipima kila dirisha, akapanda darini, akashuka na pamba ya kuzuia baridi kwenye nywele kama theluji. Naye hakumtia Irja asali masikioni. Alisema Dorvan ina kelele na itabaki na kelele. Alisema usiku wa baridi kali kabisa itawaka karibu bila kupumzika, na hapo mtu ataingiwa na hofu, lakini ndivyo tanuru la saizi yake linavyofanya kazi. Alisema dhamana ya kiwanda ni ya miaka kumi ikiwa Irja ataisajili kwa jina lake mapema, na watu wengi husahau.

"Miaka kumi nitakuwa na themanini na mitatu," Irja alisema.

"Ndiyo."

"Kisha nitanunua lingine."

Aliisajili siku ileile Dorvan ilipofungwa. Sonja alikuwa amesimama nyuma yake, akitazama jina la mama yake likiingia kwenye simu herufi moja moja kwa kidole kimoja. Ilipowashwa mara ya kwanza wote wawili walishtuka. Sonja alilazimika kuinua sauti.

"Mama, hii ni kelele kweli."

"Niliendesha lori la mgodi. Hii kwangu ni paka."

Kesho yake Sonja aliondoka. Maboksi yaliondoka naye, bado yamekunjwa. Alipofika barabarani alishusha kioo, akainua mkono. Irja akasimama uani mpaka gari likapotea nyuma ya rundo la theluji, kisha akarudi ndani, akahamishia meza ya Arvid na ndoano zake za samaki pembeni, akaweka kitanda chake katika chumba cha nyuma. Dirisha la chumba hicho linatazama mashariki. Hakuwahi kuamka akiliona jua humo miaka yote ya ndoa yake.

Desemba ilikuwa na huruma. Januari haikuwa nayo. Nyuzi zilishuka arobaini chini ya sifuri, hali ambayo kope hushikana ukifumba macho, na Dorvan ikafanya kama Deb alivyosema, ikavuma saa na saa. Irja aliacha kuisikia, kama mtu anavyoacha kuusikia mto karibu na kwake. Kilichomshtua ni kimya. Alikuwa anakanda unga wa pulla, asubuhi, jua kali juu ya theluji, na nyumba ikanyamaza. Alingoja. Chini ilibofya, ikajaribu, ikakata tamaa.

Alisimama na unga mikononi, na kwa dakika hiyo alisikia sauti zote, ya Curt, ya Sonja, hata ya Rudy. Halafu akanawa. Alivaa suruali ya theluji, koti la mgodini lenye mistari inayong'aa, akachukua ufagio. Nje hewa ilimkata puani. Alizunguka nyumba akishika ukuta, polepole, akakuta bomba la plastiki linalotoa pumzi ya tanuru limeota barafu mdomoni, nene kama ngumi. Aliigonga kwa mpini mara kadhaa. Barafu ikaachia kipande kizima, ikazama kwenye theluji. Akarudi ndani, akashuka chini, akaizima Dorvan, akaiwasha. Ikabofya, ikavuta pumzi, ikavuma.

Siku hiyo Sonja hakungoja jioni, alipiga simu kabla ya saa sita mchana.

"Habari za huko, mama? Wanasema baridi imevunja rekodi."

"Baridi ipo. Tanuru lilizimika asubuhi."

Irja alisikia kikombe kikiwekwa mezani upande wa pili. Angeweza kumficha. Alikuwa ameamua kutomficha.

"Ukafanya nini?" Sonja aliuliza.

"Nikatoka nje, nikagonga barafu kwenye bomba, nikarudi, nikaliwasha."

"Kwenye baridi hii?"

"Baridi ndiyo iliyoleta barafu, Sonja. Ulitaka ningoje Julai?"

Alisikia binti yake akivuta pumzi ndefu, kisha sauti ambayo haikuwa kilio, wala haikuwa kicheko moja kwa moja.

"Uliwaambia majirani kwamba unatoka nje?"

"Hapana. Lakini kesho nitamwambia mtu. Hilo nakupa."

"Nani?"

Irja alifikiri juu ya mtaa wake, nani yuko nyumbani mchana, nani angejibu simu yake mara moja na kumkejeli vizuri, na yale masikio makubwa yakamjia akilini. "Nitaona," alisema. "Utakuja lini?"

"Wikendi ijayo, barabara zikiruhusu. Watoto wanataka sauna. Tutalala wapi?"

"Vyumba vya mbele. Cha nyuma nimekichukua mimi."

"Kina joto sasa?"

"Njoo uone," Irja alisema, akarudi kwenye unga wake, ambao kwa muda wote ule ulikuwa umeumuka mpaka ukingoni mwa bakuli.